Bitana ya Joho la Maharusi

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, na wahenga hao bila shaka hawakupata kufika Kilindoni, mtaa wa Bi Somoe. Hapo, kwa miaka na miaka, wanaume wazima wenye akili zao na ndevu zao waliingia harusini na nguo ya kuazima, na wakasitirika vizuri tu. Lilikuwa joho moja jeusi la sufu, lenye tarizi ya uzi wa dhahabu shingoni na kifuani. Lilikaa sandukuni chini ya kitanda cha Bi Somoe, limekunjwa ndani ya shuka jeupe pamoja na vipande vya udi.

Aliyelishona ni mumewe, marehemu Muhidini, fundi cherehani. Alilishona kwa ajili ya harusi yao wenyewe, kwa kitambaa cha dukani kwa Nazarali, akajitia ndani yake akaenda kuoa kama mtoto wa mfalme. Mwezi haukupita jirani akaja kuliazima, naye anaoa. Akaja mwingine. Muhidini akaweka sharti moja, kwamba hakuna bwana harusi atakayenyimwa joho na hakuna atakayelipishwa. Hata Shaibu, aliyemdhulumu mpaka wa shamba la minazi, alipokuja kuliazimia mwanawe alipewa, ingawa Muhidini alimkabidhi huku uso ameugeuza ukutani.

Sasa, kitu cha bure kina uzito wake, na akina mama wa mabwana harusi hawakupenda kulirudisha hivi hivi. Mmoja wao aliliona limefumuka kidogo bitana, kile kitambaa cha ndani, akalishona kabla hajalirudisha, na kwa kuwa hakuwa na uzi mweusi alishona kwa mwekundu. Aliyefuata akasikia habari hiyo, akaona naye asipitwe. Ikawa desturi ya joho lile: mama wa bwana harusi, harusi ikiisha, anapiga mshono mmoja ndani, kwa uzi wa rangi aitakayo, ndipo analirudisha. Kwa nje joho lilibaki jeusi lenye heshima zake. Kwa ndani lilijaa vijishono vya kijani, vya njano, vya waridi, vingine vimenyooka, vingine vimekwenda upogo kwa macho ya uzee.

Bi Somoe hakujaliwa mtoto. Mtaani jambo hilo lilisemwa waziwazi, naye alizoea. Lakini harusi ilipokaribia hakuna mama aliyeweza kumpita. Walimjia na sahani za visheti, wakamwita mama wa maharusi, naye akapima mabega ya vijana wa watu, akapandisha pindo kwa wafupi na kulishusha kwa warefu. Muhidini alipofariki aliendelea na sharti lake peke yake, na hakumnyima mtu.

Kisha zikaja suti. Vijana wakawa wanaagiza Dar es Salaam suti za kukodi, za buluu zenye kung'aa, na tai za rangi ya damu ya mzee. Ukiwauliza habari za joho wanacheka kwa adabu. Bi Somoe aliendelea kulianika kila baada ya mvua za masika na kulifukiza, kisha analirudisha sandukuni, na hakuna aliyebisha hodi. Hakulalamika. Alikaanga vitumbua vyake, akauza, akaswali, akalala, na siku zikaenda.

Aliyekuja kubisha hodi mwishowe ni Batool, binti wa Nazarali, mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Pita ukae."

"Nimekuja na ombi. Wanafunzi wangu wanasoma hadithi za zamani, wakikuta mtu amevaa joho wananiuliza ni nguo gani. Wakikuta ukaya, wakikuta suruali ya marinda, vilevile. Nimechoka kuwachorea ubaoni. Tunafanya maonyesho ukumbini, kila nguo itasimama mbele ya kipande cha hadithi kinachoitaja. Mama amenambia joho liko kwako."

"Liko."

"Nataka likae katikati kabisa, kwenye kiunzi cha mbao. Watu watalizunguka pande zote."

Bi Somoe alikubali kabla chai haijapoa. Kusema kweli alifurahi mpaka akaona haya, akajifanya ana kikohozi. Batool alipoondoka alilitoa joho, akalitandika kitandani, na furaha ile ikaanza kuingia mchanga. Pande zote, amesema mwalimu. Joho ni nguo ya kuachia wazi mbele. Likisimamishwa kwenye kiunzi, ndani kunaonekana. Na ndani, akiangalia kwa macho ya mgeni, palikuwa kama gunia la mkaa lililotiwa viraka: bitana imefifia, ina madoa ya jasho la watu, na juu yake mishono ya kila rangi kama mtoto amechezea sindano. Watakuja wakubwa wa wilaya. Watakuja watalii na simu zao. Watasema Muhidini fundi gani huyu.

Aibu ya maiti aijuaye mwosha, alijiambia, na mimi ndiye mwosha.

Alikwenda dukani kwa Nazarali akanunua satini ya kijani. Akakaa barazani na wembe, akaifumua bitana ya zamani, akatia mpya kwa mkono wake, polepole, kwa namna Muhidini alivyomfunza. Ikakaa vizuri. Ile ya zamani hakuitupa, kwa sababu nguo zilizokunywa jasho la maharusi hazitupwi ovyo. Zikiokotwa na hasidi, nyumba za watu zinaweza kuvunjika. Hilo kila mtu aliyelelewa pwani analijua. Aliiweka juu ya makaa, akatia udi, akasoma Fatiha, akaitazama mpaka ikawa majivu. Alinyanyuka pale akiwa na moyo mweupe, akiamini amewafanyia wema watu wote waliopata kulivaa.

Maonyesho yalifana. Palikuwa na buibui la kamba, kaniki, kofia za viua, makubadhi, na mtandio wa harusi wa Gulshan, mama yake Batool, uliotariziwa vioo vidogo. Vipande vya hadithi viliandikwa kwenye karatasi za manila kwa herufi kubwa. Wanafunzi walisimama kando ya nguo wakisoma kwa sauti, na wazee wakawasahihisha pasipokuwa na kosa. Katikati ya ukumbi lilisimama joho, nyuma yake kipande cha hadithi ya mtoto wa sultani akienda kuoa, na mbele yake kikaratasi kilichoandikwa "Usiguse", maana watoto walikuwa wanakula mihogo ya kukaanga. Bi Somoe alipewa kiti pembeni. Alikaa hapo siku ya kwanza yote akipokea sifa, na hakuzikataa.

Siku ya pili aliingia Bi Mwanasiti wa kisiwa cha Bwejuu. Alikuwa ameshuka kwenye mashua asubuhi ile, pindo la buibui lake bado limelowa. Hakutazama kaniki wala mtandio wa vioo. Alikwenda moja kwa moja kwenye joho.

"Asalaam alaykum, Bi Somoe."

"Waalaykumu salaam, Bi Mwanasiti. Za Bwejuu?"

"Njema. Nimesikia joho limetolewa nje, nikasema leo niende."

"Karibu ulitazame."

"Huku nje nakujua. Nifunulie ndani kidogo, kushoto, chini ya kwapa. Pana mshono wangu wa zambarau, nilioupiga kwa harusi ya mwanangu Ukasha."

Bi Somoe alinyanyuka nusu kitini, akakaa tena. Ukasha alimkumbuka vizuri, kijana mfupi mwenye kucheka, aliyekuja kuoa hapa Kilindoni na joho likamburura mpaka likapandishwa pindo. Alifariki kwa homa kabla ndoa haijafika mbali. Mjane wake alimaliza eda, akaolewa Kilwa. Nguo zake walipewa waliomwosha, kama ilivyo ada, na Bi Mwanasiti alizitoa zote bila kubakiza hata kofia, kwa kuwa alijua pana mahali Kilindoni ambapo mkono wake na harusi ya mwanawe vimeshonwa pamoja. Miaka yote hiyo hakuja kuutazama mshono ule. Mtu mwenye adabu haendi kwenye nyumba ya watu kuomba afunguliwe sanduku.

"Mwalimu ameandika lisiguswe," Bi Somoe alisema, akakionyesha kile kikaratasi cha watoto wa mihogo.

Bi Mwanasiti akakitazama. "Basi nitangoja amalize wageni wake, nimwombe mwenyewe." Akaenda kukaa kwenye benchi la ukutani, mkoba mapajani.

Bi Somoe alibaki kitini pake. Watu waliendelea kuja na sifa zao, naye aliitikia bila kusikia. Alimwona Batool akiwaaga wageni mlangoni. Akalitazama joho, akaitazama satini ya kijani iliyochungulia mbele, akaichukia. Alitamani moto uwake ukumbini, watu wote wakimbie, mambo yaishe. Moto haukuwaka. Batool alifunga mlango nyuma ya mgeni wa mwisho katika lile kundi, akageuka, na Bi Mwanasiti akaanza kujizoazoa benchini.

Bi Somoe alisimama kwanza. Kama ni kusikia, asikie kwangu, alijisemea, akamfuata pale pale benchini.

"Mwalimu hana kosa, Bi Mwanasiti. Mimi ndiye nimekudanganya. Mshono wako haupo."

"Haupo vipi?"

"Nimeifumua bitana yote. Nimetia mpya."

Bi Mwanasiti hakupaza sauti. "Na ile ya zamani iko wapi?"

"Nimeichoma. Niliona haya, mwenzangu. Niliona watu watacheka ndani ya joho la mume wangu. Sikukumbuka hata kidogo kuwa ile mishono ni yenu, niliona yangu tu. Lakini sikuitupa, niliichoma kwa udi, nikaisomea..."

"Nani alikuomba udi?" alisema Bi Mwanasiti. "Nani alikuomba?"

Akainuka, akachukua mkoba wake, akatoka nje. Bi Somoe alibaki amesimama mbele ya benchi tupu. Alitamani yule mwanamke angemtukana mbele ya watu. Batool akaja kuuliza kumetokea nini, naye akamweleza yote, mbele ya wanafunzi, na hakujipunguzia kitu. Batool alikwenda kwenye kiunzi, akakitoa kile kikaratasi cha "Usiguse", akakitia mfukoni.

Wote walidhani Bi Mwanasiti amekwenda zake bandarini. Kumbe alikuwa ameingia dukani kwa Nazarali. Alirudi na kidonge cha uzi na sindano mpya, bado imo katika karatasi yake.

"Zambarau hawana," alisema. "Nimechukua buluu."

"Nikutungie?" Bi Somoe aliuliza.

"Niache."

Alijaribu kuutunga uzi ule kwenye mwanga wa dirisha, ukakataa, akaulamba, ukakataa tena. Hakuna aliyesogea kumsaidia. Ulipokubali, alilifunua joho, akaingiza kichwa ndani yake upande wa kushoto, na watu wakabaki wanaona mgongo wake tu na buibui lililolowa. Alikaa humo muda mrefu kuliko mshono mmoja unavyohitaji. Bi Somoe alisikia anavyovuta pumzi, akajua analia, akageuka akatazama ukutani ili asimwone.

Bi Mwanasiti alipotoa kichwa alikata uzi kwa meno. Alipitisha kidole juu ya fundo, akalifunika joho, akamtazama Bi Somoe kwa mara ya kwanza tangu alipotoka.

"Huu usiuchome," alisema. Akashuka bandarini kuwahi mashua.

Kesho yake ilikuwa siku ya mwisho ya maonyesho. Bi Somoe alifika asubuhi, akamwomba Batool ruhusa, akalishusha joho kwenye kiunzi na kulitia begani. Kidonge cha uzi wa buluu, ambacho Bi Mwanasiti alikiacha dirishani, alikitia mkobani pamoja na sindano na nyuzi nyingine alizokuwa nazo. Alijua akina mama waliolirudisha joho lile ni akina nani na wanakaa wapi, na waliokufa alijua mabinti zao. Kwa wa kwanza alisema kosa lake kabla hajakaribishwa kukaa. Yule mama alicheka, akasema hata mwanawe mwenyewe amekwisha kuachana na mke, lakini sindano akaichukua. Wa pili alimsikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani, akafunga mlango. Bi Somoe aliona ana haki. Alisimama barazani pale kitambo, joho begani, jua limeanza kuwa kali, kama huenda mlango ukafunguliwa tena. Haukufunguliwa. Akashuka ngazi, akaenda kubisha hodi nyumba ya tatu.