Kiti cha Aroni

Apolonia alilipia viti viwili vya kurudi kutoka hija, na mimi nikakiuza kimoja. Nianze na hilo kabisa, maana Kihesa nzima, hapa Iringa, wanalijua na wengine wameshaanza kulitia chumvi.

Naitwa Jailos. Nilikuwa kondakta wa mabasi makubwa miaka thelathini na moja, Mbeya kwenda Mwanza, Iringa kwenda Dodoma enzi zile barabara ni vumbi tupu. Kazi ile ilinifundisha kwamba kiti kitupu ni dhambi. Mtoto akinifika kiunoni analipa nauli, akiwa chini ya hapo mama yake ampakate. Nimegombana na akina mama wengi sana kwa ajili ya kiuno changu. Wengine walikuwa wanawakunja watoto miguu ili waonekane wadogo, na mimi nawasimamisha watoto wa watu katikati ya basi nawapima. Apolonia mwenyewe niliwahi kumfanyia hivyo, akitoka Uyole, kule Mbeya, kwa dada yake na Aroni akiwa wa miaka minne. Mtoto alikuwa mrefu kama mlingoti. Nikamsimamisha, akanipita kiuno, mama yake akafungua pindo la kanga akalipa. Sijivunii, lakini ndivyo nilivyokuwa.

Nilipostaafu, jumuiya ikanipa ukatibu wa hija. Walijua hakuna wakala wa mabasi atakayenizungusha.

Hija yenyewe ni ya Namugongo, Uganda, sikukuu ya mashahidi tarehe tatu Juni. Wenye nazo wanakodi basi mpaka getini. Sisi wa Kihesa tunatembea kwa miguu kutoka mpakani Mutukula, siku tisa. Kutembea hakuna nauli. Kinachotutoa jasho ni kufika Mutukula na kurudi, maana kutoka Iringa ni kama kwenda mwisho wa dunia. Kwa hiyo nilikuwa naikata safari vipande: basi la kawaida mpaka Dodoma, jingine mpaka Bukoba, hakuna gesti, tunalala kwenye ukumbi wa parokia juu ya mikeka, unga na dagaa tunabeba wenyewe. Mtu akinunua chipsi njiani namsema mpaka ashindwe kumeza.

Kurudi ndiko nilikojiona mjanja zaidi. Kuna Zubery wa Uyole, Mswahili ambaye babu yake alipanda huku kutoka Kilwa akiuza chumvi. Ana Coaster inayopeleka wafanyabiashara wa mchele Kampala. Wale wakishauza wanarudi na malori yaliyobeba mchele wao, gari linabaki kurudi tupu mpaka Uyole, na Iringa iko njiani. Nikamwambia Zubery, tupu kwa tupu, tupe nusu bei. Tulivutana wiki nzima kwenye simu, mwisho akacheka akakubali.

Sasa Apolonia. Kama umesoma shule Kihesa basi umevaa sweta lake. Ana mashine ya kufumia ya mkono, ya tangu ujana wake, na ukipita kwake asubuhi ya baridi utasikia inakwaruza kwenda na kurudi. Mumewe, Danieli, alifariki Aroni akiwa darasa la pili, wakamzika kwao Kilolo. Mashine ile ndiyo iliyomlea Aroni, ikamsomesha, ikamlipia leseni ya kuendesha malori. Alikuwa mtoto wake pekee. Kijana mtaratibu, anainama kuingia kila mlango, na akija likizo anamkalisha mama yake chini anafuma yeye, tena vizuri.

Aroni alikuwa anapakia mchele Uyole anapeleka Kampala. Mwaka 2020, mwezi wa tano, kipindi kile cha barakoa, mpaka ulikuwa umefungwa kwa watu, malori ya mizigo tu ndiyo yanapita. Akaugua njiani. Akafia Kyotera, mji mdogo ukishavuka Mutukula, akiwa na miaka ishirini na tisa. Walimzika siku hiyohiyo watu waliojifunika kuanzia kichwani hadi miguuni. Zubery wakati huo naye alikuwa dereva, lori lake lilikuwa nyuma ya la Aroni. Aliruhusiwa kusimama mbali kidogo akaangalia. Walipoondoka alifungua bamba la namba la nyuma ya lori la marehemu, akalichomeka pale kwenye udongo, kisha akampigia simu mama. Msiba ukawekwa Kihesa bila maiti. Miaka mitano Apolonia akafuma masweta ya watoto wa watu.

Alipokuja kujiandikisha hija mwaka jana niliona sawa tu, njia yetu inapita Kyotera. Akasema anataka kiti kimoja cha kwenda na viwili vya kurudi. Nikamuuliza cha pili cha nani. Akasema kina mwenyewe, atapandia Kyotera. Nikamwambia Mama Aroni, hiyo hela kanunue uzi. Akaniwekea pesa mezani.

Alichokuwa anakitaka, na ambacho wakati ule hakunieleza, ni hiki. Babu yake Apolonia alikwenda Tanga kukata mkonge, akafia huko. Bibi yake akamfuata. Alichota udongo wa kaburi, akaufunga kwenye nguo, akalipa nauli ya watu wawili, akarudi naye mpaka Kilolo. Njia nzima alikuwa anamwambia: sasa tunavuka mto, sasa tunapanda mlima, usibaki. Ukoo wao unaamini marehemu harudi kama mzigo, harudi kwenye keria wala chini ya kiti. Anarudi kama abiria, amekaa, amelipiwa. Apolonia alikuwa anakwenda kumleta Aroni hivyo hivyo, alale na baba yake. Hilo ndilo lililomtoa nyumbani. Mashahidi wa Namugongo watamsamehe.

Tulivuka Mutukula tukiwa kumi na wanne. Siku ya tatu tukafika Kyotera. Nilimsindikiza mwenyewe, na karatasi aliyotuchorea Zubery: kituo cha mafuta, ushike kulia, makaburi, mstari wa mwisho. Lile bamba lilikuwa bado limesimama, limeshika kutu, majani yamelifika katikati. Apolonia alipiga magoti akang'oa majani kwa mikono. Nilitegemea atalia, hakulia. Alisafisha kama mtu anayetandika kitanda. Mwisho akaweka kiganja pale juu akasema, "Baba, nisubiri. Nikirudi nakuchukua. Nafasi yako ipo."

Nilisikia kwa masikio yangu haya mawili. Lakini nilikuwa naangalia saa, kwa sababu wenzetu walishatangulia na nilishapanga pa kulala. Nikachukulia ni maneno ya mama kwa mtoto wake. Kusikia nilisikia, kuelewa ndiyo sikuelewa.

Tukatembea, tukafika, tukasali. Miguu ilitusema lakini tulifika wote. Tarehe nne asubuhi tukamkuta Zubery na Coaster yake mahali tulipoahidiana, na hapo ndipo shetani wa ukondakta alipoamka ndani yangu. Alikuja dada mmoja wa Mafinga, Mercy, wenzake wamemwacha kwa sababu hawezi kwenda mwendo wao. Miguu yake ilikuwa imevimba, soksi zimegandia kwenye vidonda. Akaomba nafasi, akasema atalipa. Viti vyote vilikuwa vimejaa, vya ziada nilishavijaza mahujaji wengine, na mimi mwenyewe nilishakiuza changu kwa mzee wa Makambako nikapanga kukaa kwenye kigoda mlangoni. Kimebaki kile kimoja, kitupu, pembeni ya Apolonia.

Nikapokea nauli ya mpaka Mafinga. Nilimwonea huruma Mercy, hilo ni kweli. Ni kweli pia kwamba kile kiti kitupu kilikuwa kinaniwasha.

Apolonia akasema hapa pana mtu. Nikamjibu kama nilivyowajibu abiria miaka thelathini na moja: huyo mtu wako akipanda tutapangana. Kila kondakta analijua neno hilo. Maana yake ni kwamba hakuna mpango wowote. Nilikuwa najiambia watu wa "atapandia mbele" huwa hawatokei, nimewaona mamia. Apolonia aliniamini. Akamsogezea Mercy mfuko wa nguo aweke miguu juu, akamwambia apumzike mpaka Kyotera. Mercy akalala palepale.

Kyotera Zubery akazima gari bila kuambiwa. Apolonia akashuka na sweta la bluu mkononi, sweta kubwa la mtu mrefu, jipya. Tukasubiri. Watu wakanunua ndizi za kuchoma, mimi nikasimama mlangoni nakazana kumtafuta huyo abiria wake, nimeshaandaa na maneno ya kumtuliza akikuta kiti hakipo.

Akarudi peke yake. Lile sweta alikuwa amelikumbatia, limefungwa mikono yake kwa mbele kama mtu aliyejikunyata kwa baridi, na lina uzito. Akapanda, akafika kwenye kiti, akamgusa Mercy bega.

"Mwanangu, mwenye kiti amekuja."

Wote tukageuka kuangalia nyuma yake. Mlangoni hapakuwa na mtu. Tukaliangalia lile sweta, vumbi jekundu limeshika kwenye uzi wa bluu, na hapo kila mtu akaelewa kwa wakati mmoja, hata wa viti vya nyuma. Zubery aliweka kichwa kwenye usukani. Mimi nikakaa kwenye kigoda changu.

Nilitaka kusema tutapangana. Tungempanga nani, wapi? Mercy alikuwa anajaribu kusimama, ameshika kiti cha mbele kwa mikono miwili, na alipokanyaga chini alitoa mlio kama mtoto. Nikajikaza nikasema ashuke, nitamrudishia nauli yake, atafute gari lingine. Ndiyo, nilisema hivyo. Nilikuwa tayari kumwacha mgonjwa barabarani nchi ya watu ili nifute kosa langu.

Apolonia aliiangalia ile miguu. Aliiangalia muda mrefu, na machozi ambayo hakuyatoa kaburini yakaanza kumtiririka, hakuyafuta.

"Kaa," akamwambia Mercy. "Wewe bado una miguu ya kukuuma."

Akakaa kwenye kiti chake, akampakata mwanawe.

Kutoka Kyotera mpaka Kihesa ni siku mbili. Hakumweka chini. Mpakani alimwambia, Aroni, hapa ndipo ulipopita na mchele, sasa tunaingia kwetu. Biharamulo akamwambia. Kahama, Singida, Dodoma, kila mahali alimwambia tulipo, kwa Kihehe, kwa sauti ya mtu anayembembeleza mtoto asishtuke. Tulipokula alikula kwa mkono mmoja. Nilimwomba anipe nimshikie japo anyooshe mgongo, akatikisa kichwa. Nilimpa na kigoda changu, nikasema kikae pembeni yake mimi nisimame. Akasema, "Kigoda si kiti, Mzee Jailos. Wewe unajua." Hakusema kwa hasira. Afadhali angenitukana.

Mercy alilia mpaka macho yakamvimba kuliko miguu, na maskini hakuwa na kosa lolote.

Tulifika Kihesa saa nane mchana. Apolonia miguu ilikuwa imekufa ganzi, hakuweza kuinyoosha. Zubery na mimi tukamtoa amekaa vilevile kama alivyokaa, na sweta lake mapajani, tukamweka kwenye mkeka uani. Kesho yake Zubery, akiwa ameshawapandisha Mercy na mzee wa Makambako basi la kwao, badala ya kwenda zake Uyole akatupeleka Kilolo bila kudai hata mafuta. Katekista akasali. Walipochimba pembeni ya Danieli, Apolonia alimshusha Aroni mwenyewe, na sweta lake.

Kabla hawajafukia akasema, "Danieli, nimekuletea mtoto. Hakupata kiti, usimseme, amechoka."

Hakunitaja. Ndugu walikuwepo wengi, angeweza kunyoosha kidole tu. Nilisimama nyuma ya watu nikalia kama mwanamke, na nilipolia ilinijia kwamba katika miaka yote ile sikuwahi kumuuliza abiria hata mmoja anakwenda kufanya nini. Nilikuwa nauliza anashukia wapi.

Wiki iliyofuata nilikwenda kwake na nauli ya kile kiti, yote, kwenye bahasha. Nilijua hataipokea, nikajiandaa kumbembeleza. Alikuwa kwenye mashine anafuma sweta la shule. Nikaanza hotuba yangu ya kuomba radhi, akainua mkono kunizuia.

"Kwenye basi," akauliza, "mtoto wa kupakata analipa?"

"Halipi, Mama Aroni."

"Basi lete."

Akaipokea ile bahasha, akaikunja, akaifunga kwenye pindo la kanga. Akashika mpini wa mashine.

"Siku ile alikupita kiuno ukasema nilipe," akasema. "Nikalipa, maana kweli alikuwa mrefu. Safari hii alitosha mapajani."

Kisha akaendelea kufuma.