Maji Matupu Siku Tano

Aliyemfikisha ndugu yangu mikononi mwa rafiki yangu ni mimi mwenyewe. Naanza na hilo ili nisijifiche.

Miaka ya tisini nilikuwa kiwandani Thika, kwenye mananasi, na mdogo wangu alikuwa kibarua wa kahawa Ruiru. Alikwenda kwetu Ukambani kumfyatulia mama matofali, akachimba udongo wa vichuguu kama tufanyavyo sote, na vijidudu vidogo kuliko mbu vinavyokaa humo vikamuuma. Alirudi na kala-azar: homa isiyokwisha, na wengu uliovimba hadi shati likakataa kufungwa vifungo.

Daktari mmoja wa Nairobi alikuwa akijaribu dawa mpya. Alitueleza kwa subira kwamba sumu ya kuua vimelea imefungwa ndani ya vitone vya mafuta, vidogo hata darubini ya kawaida haivioni. Wengu unavimeza wenyewe, vimelea vinafia humo humo, na figo zinasalimika. Nilirudi Thika profesa mzima. Kila aliyesimama karibu nami alihubiriwa vitone, na rafiki yangu kuliko wote.

Huyo alikuwa nesi, mwanamke mwenye kliniki ndogo Gitothua, hapo Ruiru. Alinisimamia harusi. Wodi ilipojaa wagonjwa wawili wawili kitandani, daktari alitaka kutupatia chupa zilizobaki, za siku tano, tumalizie karibu na nyumbani. Aliuliza kama namjua mtu wa kuaminika. Nilijibu kabla hajamaliza swali.

Alinipa na barua. Sentensi moja ilipigiwa mstari: dawa ichanganywe na maji ya sukari, kamwe si ya chumvi. Nikamkabidhi rafiki yangu chupa na barua mkononi.

Nairobi dripu ilifunikwa karatasi ya kaki isipigwe na mwanga. Gitothua ilining'inia wazi, nyeupe pe kama maji ya mtungi. Nikamuuliza mbona sioni kitu ndani.

“Haiya! Si ni wewe uliniambia hizo vitu ni ndogo, hata macho haziwezi ona?”

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka kwa raha, nikaona mwanafunzi wangu ameshika somo.

Wiki chache baadaye homa ilirudi na wengu ukavimba zaidi. Daktari aliuliza dripu ilikuwa na rangi gani. Nikamwambia haikuwa na rangi. Alivua miwani. “Mama, vitone huvioni, lakini dawa hii ni ya manjano.”

Nilishuka Gitothua siku hiyo hiyo. Nilimkuta anakunja bandeji, na aliponiona uso akaanza kueleza mwenyewe. Barua hakuisoma. Siku ya kwanza, foleni ikiwa ndefu, alichanganya chupa zote kwa mpigo na maji ya chumvi, kama alivyozoea kwa kila sindano. Dawa ikakatika mabongemabonge kama maziwa yaliyoharibika, akaimwaga chooni.

“Ningekuambia nini? Wewe ulikuwa umeniamini sana.”

Kukosea ningemsamehe, maana mkono wa kazi hukosea. Lakini siku tano alimchoma ndugu yangu sindano ya maji matupu, akanipikia chai, na akaniangalia usoni. Hilo sijamsamehe. Nikimwona sokoni Ruiru nabadilisha njia.

Dawa mpya ilikuwa imekwisha. Zilibaki sindano za zamani, mwezi mzima kila siku. Moyo wa ndugu yangu ulishindwa na sindano hizo wiki ya pili, akafariki.

Kabla hajaanza hizo sindano nilimweleza yote, nikimlaani yule mwanamke. Alinisikiliza mpaka mwisho, mkono juu ya wengu.

“Mimi niliona ni maji tangu siku ya kwanza,” akasema. “Lakini dada, wewe ndiye ulisema vitone viko ndani.”