Sungura Haogeshwi

Simu ilikuwa imelazwa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kioo kikitazama juu, na Evaline alikaa kwenye kigoda pembeni yake, akiichunga kama mtu anayechunga maziwa jikoni yasifurike. Ilikuwa Ijumaa, saa nne usiku na ushee. Nyumba za jirani pale Pangani, Kibaha, zilikuwa zimezima televisheni moja baada ya nyingine. Mbele yake kulikuwa na vizimba vinne vya sungura. Nyuma yake kulikuwa na nyumba ya vyumba vitatu isiyo na mtu ndani.

Ujumbe alioutuma juzi haukuwa mrefu, ila kuuandika kulimchukua karibu nusu saa. "Jeni mwanangu. Jumamosi kuna maonyesho ya sungura hapo Kisarawe, yanaanza saa nne asubuhi. Namleta mtoto wa Samawati. Mimi sijui kumshika mbele ya majaji. Nitapita kwako saa mbili. Mama."

Chini ya maneno hayo zilikaa alama mbili ndogo za vema, za buluu. Jirani yake Stellamaris ndiye aliyemfundisha maana yake: zikiwa buluu, mtu ameshasoma. Evaline alitamani asingefundishwa. Angebaki akilaumu mtandao, na usiku ungepita.

Ndani ya kizimba cha mwisho yule dume wa bluu, huyo mtoto wa Samawati, alipiga mguu chini, kishindo kimoja.

"Na wewe hujalala bado," Evaline akamwambia. "Kesho mapema."

Alikuwa amezoea kuzungumza nao. Asubuhi aliwaamkia, jioni aliwapa pole ya joto. Mwezi uliopita alijikuta akiwahadithia bei ya nyanya pale Kwa Mathias, akanyamaza katikati, akaangalia kama kuna mtu ukutani aliyemsikia. Hakukuwa na mtu.

Sungura hao waliletwa na marehemu mumewe, Ipyana, aliyekuwa karani hadi alipostaafu. Alikuja nao siku moja ndani ya katoni ya sabuni, wawili, jike la kahawia na dume la bluu, akamkabidhi binti yao Jenifa. Walikuwa sungura wa aina ya Reksi, ambao manyoya yao ni mafupi, yamesimama wima na yamebanana kama kitambaa cha mahameli. Ukipitisha kiganja hayalali upande wowote. Sharubu zao zimejikunja, na mgeni akiziona husema zimeungua. Jenifa akamwita jike Mahameli, na dume Samawati. Baba yake akawapigia vizimba kwa mbao za makasha, akilalamika mgongo na kuimba kwa zamu. Hawakuwa wa kitoweo. Walikuwa wa kupendwa, na wa kupelekwa kwenye maonyesho. Miezi kumi na moja baadaye presha ikamwondoa Ipyana.

Baada ya mazishi Jenifa hakulia mbele ya watu. Alihamia uani. Alikaa na Samawati mapajani mpaka giza linaingia, akimzoesha kutulia mezani, kugeuzwa tumbo, kukaguliwa meno na kucha, maana majaji huangalia vyote hivyo. Evaline alimtazama kupitia dirisha la jikoni na hakujua aseme nini. Yeye ni mtu wa darasa la nne. Alijua kufua, kupika na kuogesha.

Ndipo akafanya kosa lake. Ilikuwa jioni ya kuamkia maonyesho ya kwanza, Jenifa ametoka kwenda kufuatilia usafiri. Evaline akaona miguu ya nyuma ya Samawati ina madoa ya njano ya mkojo, akaona aibu, mnyama wa nyumba yake kwenda mbele za watu hivyo. Akachota maji, akachukua sabuni ya mche, akamwogesha kama alivyomwogesha Jenifa mdogo kila Jumamosi ili Jumapili wakaingie kanisani wakinukia. Akamsuuza mara tatu. Akamfunga kwenye khanga. Manyoya yale yaliyobanana hayakukauka, upepo wa usiku ukaingia, na kulipokucha Samawati alikuwa mgumu kama kuni.

"Mama, umemfanya nini?"

"Nimemwogesha tu."

Jenifa akakaa chini kwenye sakafu ya saruji na kulia kwa sauti. Alilia mpaka Stellamaris akachungulia. Evaline, kwa woga, kwa haya mbele ya jirani, akasema, "Ni sungura tu, Jeni. Baba yako tumemzika juzi na hukumlilia hivi."

Lile neno lilimtoka na halikurudi. Jenifa akanyamaza palepale, kama taa iliyozimwa. Wiki moja baadaye alipata kazi kwenye duka la vyakula vya mifugo Kisarawe, akafunga begi, akaondoka. Tangu hapo ulikuwa umepita mwaka mmoja na miezi saba. Pesa ya matumizi alituma. Sauti yake hakutuma.

Mahameli akabaki. Siku moja, wiki chache baadaye, Evaline alimkuta anajing'oa manyoya ya kifuani kwa meno. Akadhani upele. Alikuwa ameshachukua mafuta ya taa ampake, ndipo akaliona daftari. Lilikuwa limening'inia kwenye msumari ndani ya banda siku zote, na siku zote alilichukulia kuwa ni mambo ya Jenifa ya shule. Akalishusha atafute habari za upele. Ukurasa wa kwanza, kwa wino mwekundu, kwa herufi kubwa ambazo hata mtu wa darasa la nne angezisoma, paliandikwa: SUNGURA HAOGESHWI. Chini yake: akichafuka, pangusa kwa kitambaa chenye unyevu, palipochafuka tu.

Alisimama pale muda mrefu, mafuta ya taa mkononi.

Ukurasa wa sita ulimwambia kwamba jike linalojing'oa manyoya halina upele, linatandika kitanda cha wanawe. Usiku ule Mahameli akazaa watano. Mmoja alikuwa wa bluu.

Basi Evaline akajifunza kusoma upya, kwa kidole, mstari kwa mstari. Akajifunza kwamba nyayo za Reksi zina manyoya machache, hivyo sakafu ya waya huwatia vidonda visiginoni, akawawekea vibao vya kupumzikia. Akajifunza kuwapa majani makavu kwa wingi na mabichi kwa kiasi, kukata kucha bila kugusa mshipa, kutotumia brashi ngumu bali kiganja. Saa za joto alifunga chupa ya maji ya barafu ndani ya kitambaa akaiweka kizimbani, na yule wa bluu aliiegemea kama mzee aliyeegemea nguzo. Hakumpa jina. Majina alikuwa anatoa Jenifa.

Kulipopambazuka Jumamosi simu ilikuwa bado kimya. Evaline akapangusa miguu ya sungura kwa kitambaa chenye unyevu, akampakia ndani ya tenga lililotandikwa majani makavu, akatoka kabla jua halijakaza. Kituoni Kwa Mathias alimkuta Isihaka, mtu mzima wa bajaji, waliyekuwa wamepatana tangu jana.

"Mama Jeni, huyu ndiye bluu uliyenisifia?" Isihaka aliinama tengani. "Mbona mimi naona jivu?"

"Ndivyo wanavyoiita rangi hiyo."

"Sawa. Na bajaji yangu hii kuukuu ni mpya, ndivyo ninavyoiita." Akaingiza vidole viwili, akagusa mgongo wa sungura, akavitoa taratibu. "Dah. Kama kochi la bwana harusi. Sasa sharubu mmemchoma na nini?"

"Kazaliwa nazo. Ukoo wao wote."

"Ukoo wa mafundi wa kuchomelea."

Evaline akatabasamu kidogo, kisha akaendelea kutazama tenga. Walikata kupitia Kiluvya, kwenye vumbi, na kila shimo lilipokuja alilinyanyua tenga mapajani ili miguu ya mnyama isigongwe. Alihesabu pumzi zake. Sungura anayehema kwa mdomo wazi amezidiwa na joto, daftari lilisema hivyo. Huyu alihema kwa pua, haraka lakini kwa pua.

"Tunafikia kwa nani huko?" Isihaka akauliza.

"Kwa mwanangu."

"Anajua tunakuja?"

"Amesoma," Evaline akasema.

Isihaka alimwangalia kwenye kioo, akaacha kuuliza.

Nyumba aliyopanga Jenifa ilikuwa nyuma ya soko la Kisarawe, yenye vyumba vilivyotazama ua mmoja. Mwenye nyumba, Bi Hamisa, alikuwa anafagia, amefunga khanga kifuani, na ufagio wake haukusimama kwa ajili ya mgeni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umetuletea paka?"

"Sungura, bibi. Mimi ni mama yake Jenifa."

Hapo ufagio ukasimama. Bi Hamisa akamtazama kuanzia viatu vyenye vumbi mpaka kilemba, akalitazama na tenga. "Kumbe ana mama," akasema, si kwa ubaya, kama mtu anayepokea habari. "Mlango ule wa mwisho. Yumo. Leo hajatoka hata kuchota maji, na si kawaida yake."

Evaline akapiga hatua, bibi akamshika mkono.

"Nyie watu wa bara mnaita mpaka kuku wanakimbia. Hapa kwetu hodi ni tatu. Ukijibiwa, ingia. Usipojibiwa, geuza urudi, mwenye chumba ana sababu yake. Ya nne siyo hodi tena, ni ugomvi, na ugomvi uani kwangu sitaki."

"Nimeelewa, bibi."

Kwao alikokulia, Tukuyu, mtu aliita mpaka akaitikiwa. Sasa alikuwa na hodi tatu tu, na alizishika kama mtu aliyeshika njiti tatu za mwisho za kiberiti. Akaweka tenga chini, kwenye kivuli chembamba cha ukuta. Ndani redio ilikuwa inasoma matangazo ya vifo.

"Hodi."

Redio ikazimwa. Basi alikuwa amesikika. Evaline akangoja. Akaona wadudu chungu wakipanda kizingiti kwa mstari, akawahesabu mpaka ishirini. Hakuna aliyeitika.

"Hodi, Jeni."

Kitanda kililia ndani, kama mtu amekaa au amesimama. Miguu haikuja. Nyuma yake Bi Hamisa alianza tena kufagia, mahali palepale alipokwisha kufagia.

Jua lilikuwa linakula kile kivuli. Evaline akalisogeza tenga karibu zaidi na ukuta. Alitaka ya tatu iwe nzuri, akatafuta sauti, ikatoka ndogo kuliko zote.

"Hodi."

Akangoja mpaka ilipokuwa aibu kungoja. Kisha akainama, akashika masikio ya tenga. Alikuwa ameshageuka, ameshamwona Isihaka barabarani akijifanya kufuta kioo cha bajaji, ndipo sauti ikatoka nyuma ya mlango, kavu, bila shikamoo.

"Umemwogesha?"

Evaline hakugeuka upesi. Aliogopa kwamba akigeuka upesi sauti itaondoka.

"Sijamwogesha. Nimempangusa kwa kitambaa chenye unyevu. Palipochafuka tu."

Ufagio wa Bi Hamisa ukasimama.

"Nani kakwambia hivyo?"

"Daftari lako. Nimelisoma lote, Jeni. Ukurasa wa tisa sikuuelewa, ule wa masikio, nikamwomba Stellamaris." Akaweka tenga chini. Maneno aliyoyapanga usiku kucha hayakuwepo tena, akasema yaliyokuwepo. "Samawati hakuwa sungura tu. Baba yako ndiye aliyemleta. Nilijua, na nikasema vile."

Evaline aliutazama ule ubao wa mlango, rangi yake iliyobambuka karibu na kitasa, na akafikiri kwamba kama utabaki umefungwa hivi ataliacha tenga kivulini, atamwomba Bi Hamisa maji ya sungura, na atarudi Kibaha kwenye vizimba vyake vinne, kimoja kitupu.

Komeo likavutwa.

Mlango ukafunguka kiasi cha upana wa kiganja. Hakuona uso. Uliotoka ni mkono, ambao angeutambua popote, una kovu la pasi kwenye kifundo. Mkono ukashuka, haukumgusa yeye, ukaingia ndani ya tenga. Ukapita mgongoni mwa sungura kinyume na manyoya, kutoka mkiani kwenda shingoni, polepole, kama majaji wanavyofanya. Manyoya yakasimama, hayakulala upande wowote. Vidole vikatafuta kisigino cha nyuma, kimoja, halafu cha pili, vikakuta hakuna kidonda. Vikabaki pale, vimeshika mguu.

"Anaitwa nani?"

"Hana jina bado. Nilikuwa nakungojea wewe."

Mkono ukatoka tengani. Evaline akafumba macho, akasubiri kusikia komeo.

Mlango ukalia bawaba zote mbili, ukaenda mpaka ukutani.

"Ingieni," Jenifa akasema. "Jua linawaka."

Hakusema mwingize. Alisema ingieni, wote wawili, na Evaline akavua viatu.