Pikipiki Iliyovaa Sweta

Nilipopunguzwa kazi serikalini sikulia. Nilikasirika, maana kwangu hasira huja haraka kuliko machozi. Nilikuwa afisa mifugo Sumbawanga, na miaka ile ya soko huria majosho yalikuwa yanakauka moja baada ya jingine, dawa za ng'ombe zinauzwa na yeyote mwenye begi. Ofisi ilitupa kibali sisi tuliopunguzwa tuendelee kuchanja kwa kujitegemea. Maana yake kazi ni ile ile, usafiri jitafutie.

Wateja wangu wangekuwa bondeni, upande wa Ilemba, kwa wafugaji waliohamia na ng'ombe wao kutoka kaskazini magharibi mwa nchi. Nilishuka kwa lori kwenda kuzungumza nao. Mzee mmoja mwenye zizi kubwa, ambaye wenzake wote walimsikiliza, alinikaribisha maziwa, kisha akanieleza bila kuzunguka. Mwaka uliopita muuzaji fulani aliwaletea chanjo iliyokwisha kupata joto njiani. Walichanja, na ng'ombe wakafa kwa homa ya mapafu kana kwamba hawakuchanjwa.

"Lete, mwanangu," alisema. "Lakini nikifungua kasha nikakosa barafu, usishuke tena huku."

Kama angenikataa yeye, bonde zima lingenikataa, na kazi nyingine mimi sikuijua. Lori nalo lilikuwa linaondoka likijaa, na likijaa huwa linaharibika. Nilihitaji chombo changu mwenyewe.

Mdogo wangu wa kiume alikuwa fundi pikipiki Katandala, mwanamume mzima mwenye masharubu ya kujivunia. Alinipeleka kwa mfanyabiashara mmoja wa kutoka Mbeya aliyekuwa anaingiza mitumba ya kila aina. Nyuma ya duka, kati ya majokofu na mashine za kusaga, zilikuwepo pikipiki mbili za magurudumu manne. Moja nene, ina vichanja vya mizigo mbele na nyuma. Nyingine nyembamba, imeinuka miguu, ya michezo, ambayo huko ilikotoka watu walikuwa wanashindana nayo kwenye matope.

Mimi nikaipenda ile nene. Nilikwisha kujiona nimeketi juu yake kama mkurugenzi. Mdogo wangu akaniuliza kasha langu la chanjo lina uzito gani, nikamwambia hata mtoto anabeba.

"Sasa dada, hilo tingatinga la nini? Wewe unabeba baridi. Baridi haitaki kichanja, inataka haraka."

Nilinuna, kwa sababu alikuwa amesema kweli. Tulizijaribu zote mbili kwenye mlima wa nyuma ya mji. Nene ilipanda ikiguna, na wakati wa kuteremka uzito wake ulinisukuma hadi nikashika breki zote. Nyembamba ilinitii. Tena ilikuwa ya mnyororo, kitu ambacho fundi yeyote wa pikipiki anakielewa. Kiinua mgongo changu chote kikaishia hapo, na nilirudi nyumbani nikiimba.

Furaha ilipungua kesho yake. Injini ilikohoa moshi mweusi na kuchoka kwenye kila mwinuko. Mdogo wangu akafungua kabureta na kunionyesha jeti, kijichuma cha shaba chenye tundu jembamba linalopitisha petroli. Huku kwetu juu hewa ni chache, akaniambia, kwa hiyo mafuta yanazidi. Akatoa jeti yenye tundu dogo zaidi kwenye pikipiki mbovu, akaifunga. Ile ya zamani akaitupa kwenye kopo la nati. Akaweka pia gia ndogo zaidi mbele ya mnyororo, ili ipande kwa nguvu.

Ikabaki barabara. Njia zetu za vijijini zimechimbwa na mikokoteni ya ng'ombe, na pikipiki yetu ilikuwa finyu kuliko mifereji ile: gurudumu moja linatumbukia, jingine liko juu, nami nakaa upande kama mzigo uliofungwa vibaya. Tulienda Kasense na kamba, tukapima mkokoteni wa mkulima mmoja kutoka gurudumu hadi gurudumu. Alituuliza kama tunataka kuushonea suruali. Mdogo wangu akachonga vipande vya chuma, akasogeza magurudumu nje mpaka yakalingana na kamba. Siku hiyo niliipandisha njia ya Kasense kwa kasi hadi kitambaa changu cha kichwa kikapeperuka, na sikurudi kukiokota.

Siku ya kushuka Ilemba nilipakia chanjo na barafu asubuhi, nimevaa masweta mawili. Sisi watu wa juu tukifika ukingo wa Lyamba, ule mteremko mkali wa kuingia bondeni, tunavua masweta kabla ya kushuka. Hakuna anayekumbushwa. Nikavua, nikayafunga kiunoni, nikashuka taratibu bila shida yoyote.

Chini, kwenye tambarare, injini ikaanza kugonga. Kila nilipoongeza moto ilizidi kulegea, mwisho ikazima. Jua lilikuwa limeshapanda, na ndani ya kasha nilisikia maji yakicheza. Niliipiga teke, nikaitukana kwa Kifipa. Kisha nikachomoa plagi. Ilikuwa nyeupe, dalili kwamba injini inakosa mafuta, ilhali tangi lilikuwa limejaa.

Nilikaa chini, nikayaona masweta kiunoni mwangu, nikajicheka kwa uchungu. Mimi nilikuwa nimevua, pikipiki bado imevaa. Tulikuwa tumeitengeneza kama Wafipa, kana kwamba dunia yote iko juu na ina baridi. Bondeni hewa ni nzito, na ile jeti ndogo haikuweza kuitosheleza kwa mafuta. Jeti kubwa ilikuwa Katandala, ndani ya kopo.

Kitu pekee kilichoweza kuongeza mafuta ni choki, ambayo huvutwa alfajiri ya baridi. Kuivuta kwenye joto lile ni jambo la kuchekwa. Nikaivuta nusu, injini ikawaka. Nikafumua uzi wa sweta nikaifunga hapo hapo isirudi ndani, nikaondoka polepole, naomba Mungu kwa sauti.

Ng'ombe walikuwa zizini tangu asubuhi, wanalia kwa njaa, na vijana wenye fimbo wameninunia. Mzee alikuwa amesimama langoni.

"Shikamoo, mzee."

Hakuitikia. Alifungua kasha, akaingiza mkono katikati ya maji, akatafuta. Nilisikia aibu na hofu pamoja. Akatoa kipande cha barafu kidogo kuliko kidole gumba, akakitazama, akakitia mdomoni na kukitafuna.

"Marahaba," akasema. "Leteni kamba."

Tulichanja mpaka jua likaegemea upande wa mlima.

Mdogo wangu alipopata habari alicheka hadi akashika tumbo, kisha akalimwaga kopo lote sakafuni kutafuta jeti ya zamani. Tangu hapo nimeifunga jeti hiyo kwa uzi pamoja na ufunguo wa pikipiki. Kila nikifika ukingo wa Lyamba navua masweta, nafungua kabureta, nabadilisha jeti, na abiria wa malori wananipungia na kunitania. Nikipanda kurudi nyumbani, tunavaa tena sote wawili.

Safari ya pili mzee alinisikia tokea mbali. Aliniitikia marahaba kabla sijazima injini, na kasha hakulifungua.