Ijumaa Nne Simu Ikiwa Kimya

Nilipovuta intaneti ya faiba nyumbani kwetu Ujiji, sikumuuliza mama. Chumba cha mbele nimekifanya steshenari: nachapa barua, natoa fotokopi, nawajazia watu fomu za mkopo na za ajira. Intaneti ya simu ilikuwa inanitia aibu. Mteja anakaa kwenye benchi mpaka anasinzia, na ukurasa haujafunguka. Kwa hiyo mafundi walipopita mtaani kwetu wakisema nguzo ziko tayari, nilisaini siku hiyohiyo. Wakatoboa ukuta, wakabandika kisanduku cheupe chenye taa za kijani. Walipouliza kama waya wa zamani wa simu ya mezani bado tunauhitaji, nikawajibu kwa madaha, "Huo? Ondoeni tu."

Mama alikuwa amelala. Alipoamka alinyanyua mkono wa simu, akausikiliza, akaurudisha mahali pake. Baadaye tukakaa kula.

"Sasa dada yangu atanipatia wapi?" akauliza.

Nikalirudisha tonge sahanini. Dada yake, yaani mama yangu mkubwa, anaishi Kalemie, ng'ambo ya ziwa. Aliolewa huko kabla mimi sijazaliwa. Hajui kusoma wala kuandika, na namba aliyonayo kichwani ni moja tu, ile aliyopewa marehemu baba alipowekewa simu. Kila Ijumaa baada ya sala huenda kwenye vibanda vya kupigia simu karibu na bandari, leo kwa huyu, juma lijalo kwa yule, akamtajia mwenye kibanda namba yetu tarakimu moja moja. Simu yenyewe ni ile ya kuzungusha namba kwa kidole, haina kioo cha kuonyesha nani kapiga. Kwa hiyo yeye hutupata, sisi hatumpati. Namba yangu ya mkononi nimemsomea mara nyingi. "Ndiyo mwanangu, ndiyo mwanangu," na Ijumaa inayofuata anapiga ileile ya mezani. Hawajaonana na mama tangu mazishi ya bibi. Walichobaki nacho ni hizo dakika chache za Ijumaa, nani kafa, nani kazaa, dagaa wanauzwaje, na mimi nilikuwa nimezikata kwa neno moja.

Kwenye ofisi ya simu walinisikiliza vizuri tu. Dada wa mapokezi akaniambia namba haijapotea, inaweza kuhamishiwa kwenye kisanduku, na nyuma ya kisanduku lipo tundu la kuchomekea simu. Kinachotakiwa ni mwenye namba aje aombe.

"Mwenye namba yuko makaburini," nikasema. "Huyo hawezi kufika."

Alicheka, halafu akaomba cheti cha kifo na barua ya serikali ya mtaa. Barua niliipata kesho yake. Cheti ndicho kilichonitoa jasho. Nilipekua masanduku, nikapindua magodoro, nikakuta risiti za baiskeli iliyoibwa nikiwa darasa la tatu, cheti hakuna. Mwishowe kilionekana ndani ya msahafu wa baba, ambako mtu mwenye akili angeanzia.

Ijumaa mbili zilikuwa zimeshapita. Zote mama alivaa kanga safi baada ya sala, akakaa kando ya simu mfu. Nilimwambia haiwezi kulia. Akanijibu kwamba anajua.

Namba ilipohamishwa, tukagundua simu haina pa kuchomekea. Nyaya zake zilikuwa zimefungwa kwa skrubu moja kwa moja ukutani. Nikaitia kwenye kapu, nikapanda bodaboda mpaka Gungu kwa fundi wa redio, mzee mstaafu ambaye ujanani alikuwa akipanda nguzo za simu. Aliipokea kwa mikono miwili. Akaifungua, akaipuliza vumbi, akatoa mende mmoja aliyekauka, akaifungia waya mpya wenye plagi ndogo ya plastiki.

"Kupokea itapokea," akasema. "Kupiga, usijisumbue. Hivi visanduku havielewi namba za kuzungusha. Na jambo jingine, binti yangu. Zamani simu ilikuwa inaletewa umeme wake na waya wake, kutoka huko mtamboni. Hata mtaa mzima ukiwa giza, inalia. Sasa inakula umeme wa nyumbani kwako. Luku ikiisha, na simu imeisha."

Nikamwitikia ndiyo, ndiyo, huku namtafuta bodaboda kwa macho.

Nilipofika nyumbani nikaichomeka, nikaipigia kwa simu yangu ya mkononi. Ililia kwa nguvu hadi jirani akachungulia ukutani kuuliza kulikoni. Mama alinyanyua, akasema "haloo" akinitazama usoni, nami nikamjibu "haloo" nikiwa hatua mbili mbele yake. Nilifurahi kweli. Ilikuwa Jumamosi, Ijumaa ya tatu imetupita jana yake, lakini nilijipa moyo kwamba ya nne haiwezi kutupita.

Ijumaa hiyo ya nne asubuhi karatasi ziliniishia. Nikaenda mjini nikiwa na amani kabisa. Mvua ikanikuta huko. Mvua za kwetu haziji peke yake, huja na radi inayotikisa mabati, na siku hiyo ilipiga mpaka tuliokuwa barazani tukaacha kuongea. Nilirudi karibu na alasiri, viatu mkononi.

Kioo cha kabati kilikuwa kimefunikwa kanga. Televisheni imechomolewa, friji imechomolewa, pasi imeondolewa mezani. Ndivyo tulivyolelewa: radi ikianza, kila kinachong'aa kinafunikwa, kila chenye waya kinachomolewa, na hakuna kurudisha kitu mpaka mbingu itulie kabisa, maana radi hurudi. Mama alikuwa kwenye kiti chake kando ya simu, kanga safi, mikono mapajani. Kisanduku cheupe hakikuwa na taa hata moja.

"Mama, na hiki umekichomoa?"

"Radi, mwanangu. Vyote nimechomoa. Simu ndiyo sikuigusa."

Povu likanitoka. Nilimpigia kelele mama yangu, mtu mzima kama yule, kana kwamba ni mtoto aliyevunja sahani. Nikasema umeme, nikasema kisanduku, nikasema majuma matatu ya kuzunguka maofisini. Alisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi.

"Hukuniambia," akasema.

Ilikuwa kweli. Maisha yake yote simu na umeme ni vitu viwili tofauti, na mtu pekee aliyeambiwa kwamba vimekuwa kimoja ni mimi, nikaondoka na habari hiyo bila kuishusha. Nilitoka nikasimama uani kwenye matope mpaka aibu ikapungua kidogo. Kisha nikarudi nikamwomba radhi. Akasema nimeshasamehewa, nikabadilishe nguo nisije nikapata homa.

Kesho yake nilinunua betri ndogo ya kukishikilia kisanduku umeme ukitoka. Nikamwonyesha mama: vyote chomoa, na betri ichomoe ukutani ukitaka, ila kati ya betri na kisanduku usiguse. Alirudia maelezo mara mbili bila kukosea.

Ijumaa ya tano nilifunga steshenari. Tulikaa wawili, jua kali, taa zinawaka, simu haikulia. Mama hakula usiku ule. Nilimwagiza mchuuzi mmoja wa mawese anayevuka kwenda Kalemie amtafute mama mkubwa, akarudi na habari kwamba pale anapokaa siku zote wamesema alihamia kwa mjukuu, mlimani huko, na hakuna anayeijua nyumba.

"Tumsomee hitima?" mama akaniuliza Jumatano, akichambua mchele.

"Bado," nikasema. Sikuwa na sababu yoyote ya kusema hivyo. Niliogopa tu.

Ijumaa ya sita simu ikalia. Mama aliinyanyua kabla ya mlio wa pili. Mama mkubwa huongea kana kwamba anaita ng'ambo ya pili bila simu, kwa hiyo nikiwa mlangoni nilisikia kila neno.

"Mwanangu," akasema, "pole na musiba."

Mama akanitazama. "Msiba wa nani?"

"Wa mama yako. Nimepiga Ijumaa nne, simu imekufa. Simu ile haijakosa hata siku moja tangu baba yenu akiwa hai. Ile juma ya nne nikasema, leo nikimukosa, basi mudogo wangu hayuko tena. Nimemusomea hitima. Masheikh wamekula, watoto wamekula."

"Dada, ni mimi."

"Wewe nani?"

"Mimi. Mdogo wako."

"Uko muzima?"

"Niko mzima. Ijumaa ile ya nne kulikuwa na radi, nikachomoa." Mama akaanza kucheka, machozi yakimtoka. "Kumbe nimejizika kwa mkono wangu mwenyewe!"

Nilitaka nimnyang'anye simu niseme kosa ni langu, tangu waya wa kwanza. Lakini alishaingia kwenye shauri jingine.

"Mlipika nini?"

"Wali na migebuka."

"Migebuka! Mimi nife, dada, unisomee kwa samaki? Na yule mbuzi wako?"

"Mbuzi iko. Sikumuchinja. Nilisema nitamuuza nipate nauli ya boti, nikuje nione kaburi yako."

Mama akaacha kucheka. Alijifuta uso kwa ncha ya kanga, akausogeza mkono wa simu karibu zaidi na mdomo.

"Muuze," akasema. "Uje."

Upande wa pili pakawa kimya kabisa. Niligeuka haraka kukitazama kisanduku. Taa zote zilikuwa zinawaka. Mama mkubwa alikuwa analia tu.