Karatasi Nyeupe ya Jikoni kwa Bi Rukia

Siku yangu ya kwanza kazini tulikuwa watano: Dakta Mutiso, Mtafiti Mkuu kutoka Nairobi; Bwana Mwadime, fundi wa maabara; Bi Rukia, mwenye nyumba ya Mji wa Kale tuliyokwenda kuipima; mdogo wangu Saumu, akikohoa mlangoni; na mimi. Ilikuwa miaka ya tisini. Wazazi wetu walikuwa wamefariki, nami, kifungua mimba, nikaacha shule ili wadogo zangu wapate kula. Tulipanga chumba kwa Bi Rukia. Niliajiriwa kwa kuwa wanaume wa serikali wasingeweza kuingia na kutoka jikoni mwa watu watakavyo.

Kazi ya kupima moshi wa jikoni ilitaka mkono mtulivu. Mashine ilivuta hewa kwa pampu na kuipitisha kwenye karatasi ya kuchujia, nayo karatasi ikazuia vumbi na masizi. Tuliipima uzito kabla na baada. Ziada ndiyo uchafu tuliokuwa tukivuta. Haikushikwa kwa vidole, maana hata jasho lina uzito. Niliishika kwa kikoleo, pumzi nimeibana.

Nairobi walikuwa wakipanga mambo ambayo nchi ingeyatafiti kwanza kuhusu hewa na afya. Viwanda na magari vilikwisha kuingia kwenye orodha. Moshi wa jikoni ulikuwa bado ukibishaniwa.

"Kisichopimwa hakiingii," Mtafiti Mkuu alituambia.

Na kisichoingia nani angekitafutia dawa? Kifua cha Saumu kilipiga filimbi kila makaa yalipowashwa. Niliomba karatasi itoke nyeusi.

Asubuhi ya pili niliifungua mashine tuliyoiacha jikoni kwa Bi Rukia. Karatasi ilikuwa nyeupe kama tui.

Mtafiti Mkuu aliitazama dirishani. "Basi. Jikoni hamna neno." Bwana Mwadime akaanza kukunja waya.

Nilirudi kuifunika mashine. Ndipo nikaona maua ya asumini yamepangwa juu ya mashine.

"Bibi," nilimwuliza Bi Rukia, "jana mulipika nini?"

"Kupika? Tulikula mahamri ya kununua. Jiko nililipeleka kwa jirani tangu alfajiri. Ala! Mgeni wa serikali aje kwangu nimpulizie moshi usoni?"

Bwana Mwadime alicheka hadi akakalia mbuzi ya nazi. Mtafiti Mkuu hakucheka. "Mama, mgeni huyu amekuja kula huo moshi wenu."

"Angesema, basi! Hasemi, yuanguruma tu."

Karatasi ilikuwa imebaki moja, na mashine ilikuwa isafirishwe kesho yake. Lakini Bi Rukia alikunja uso. "Jikoni kwangu kuandikwe kuchafu? Majirani watanionaje?"

"Jina lako halitaandikwa," Mtafiti Mkuu alimwahidi. "Na majibu nitayaleta mwenyewe, tukae hapa tuseme la kufanya."

Bi Rukia alinitazama mimi, si yeye. "Ahadi ni deni, baba. Ukipotea, mdhamini wako ni huyu."

Jiko likarudishwa. Saumu nilimpeleka Tudor kwa shangazi. Bi Rukia akapika maharagwe ya nazi, akaoka na mikate, moshi ukatanda hadi ngazini. Karatasi ilitoka na rangi ya sufuria kuukuu.

Jikoni kukaingia katika mipango ya nchi, mwisho kabisa. Mtafiti Mkuu akahamishwa kabla hajaleta majibu. Mimi nikapelekwa Buxton, kisha Bondeni, kupima vumbi la barabara chini ya Mratibu wa Mkoa, mtu mkali aliyekuwa akisema, "Jikoni ni mwaka ujao." Kila mwaka ukawa ujao. Vijana niliowafundisha niliwaambia: kabla hujawasha mashine, uliza jiko liko wapi.

Sasa nimestaafu. Bi Rukia tulimzika bila majibu. Saumu alibaki katika nyumba ile, na makaa ni yaleyale; siku hizi haachani na bomba lake la pumu. Nikienda kumjulia hali, hunipokea kwa utani wa marehemu: "Mdhamini, umekuja na majibu?"

Mimi hulitoa jiko nje uani, nikarudi kukaa karibu naye, nikisikiliza kifua chake. Majibu sijampelekea.