Sahihi ya Jirani

Waya wa Aluoch bado umefungwa kati ya nguzo mbili pale mtaa wa Kongo, Kawangware, lakini tangu mwaka wa tisini na saba hakuna aliyeanika kitu juu yake. Zamani, kila Jumamosi, kanzu nyeupe arobaini zilining'inia pale, kila moja na msalaba mwekundu kifuani, na upepo ulipoingia ndani yake zilisimama kama watu. Aluoch aliwafukuza watoto, kuku na walevi. Leo unapita chini ya waya ule bila kuinama, na hakuna anayekukemea.

Alikuwa mwanamke wa kutoka ziwani, mjane, mwenye mikono iliyochunika kwa sabuni ya kipande. Katika kanisa lao mtu hakufua kanzu yake mwenyewe. Kanzu zote za waumini zilipelekwa kwa mwanamke mmoja aliyechaguliwa, naye alifunga kula tangu alipoziloweka hadi zilipokauka. Kanzu yenye doa ilikuwa aibu. Mwenye doa alikaa mlangoni, pamoja na wageni, wala hakushika ngoma. Aluoch alikuwa ameifanya kazi hiyo kwa miaka tisa. Ilimpa chakula, lakini zaidi ilimpa jina. Watu wasiojua hata alikotoka walimwamkia njiani, "Mama wa Kanzu, sasa?"

Ng'ambo ya ukuta wa mabati alikuwako Muia, fundi wa sufuria. Aliyeyusha vyuma chakavu vya alumini katika tanuri alilolichochea kwa oili chafu ya magari na vipande vya matairi. Moshi wake ulikuwa mzito, wa kunata. Haukupanda juu kama moshi wa kuni. Uliruka ukuta na kulala uani mwa Aluoch.

Kilichomlinda Aluoch kilikuwa karatasi. Sheria ya wakati ule ilitaka kila anayewasha moto wa kazi mtaani awe na vibali vitatu: kimoja cha afya, kimoja cha zimamoto, na cha tatu chenye sahihi za majirani zake. Kila Januari Muia alipiga hodi kwa Aluoch na karatasi yake, na kila Januari Aluoch aliandika jina lake polepole, kwa sharti moja.

"Ijumaa na Jumamosi tanuri lilale."

"Na mimi nikule nini hizo siku, mama?"

"Kula sufuria."

Muia alinung'unika, lakini alitii, kwa kuwa palikuwa na mkaguzi aliyepita na kadi yenye rangi tano za moshi, kutoka kijivu hadi nyeusi. Aliinua kadi ile angani, akalinganisha na moshi, na jirani akilalamika tanuri lilizimwa siku hiyo hiyo.

Lakini sheria ile ile ilimkamata Aluoch pia. Nguo nyeupe huchemshwa, na pipa lake la kuchemshia lilikuwa juu ya mafiga matatu ya mawe, kwa hiyo naye aliwasha moto wa kazi. Naye alihitaji vibali vitatu, naye alihitaji sahihi ya Muia. Muia alimlipiza hapo. "Rudi kesho, mama, kalamu imeisha wino." Kesho yake kalamu ilikuwa imepotea. Mwaka mmoja askari walimkuta bado anasubiri kalamu ya Muia, wakapindua pipa lake na kanzu zikiwa ndani. Alizifua upya zote, na njaa yake ya mfungo ikaanza upya.

Ndiyo maana, mwishoni mwa mwaka wa tisini na sita, bwana mmoja wa ofisi ya leseni alipokuja kwenye baraza la chifu kusema kwamba sheria za moshi zitarahisishwa ili wananchi wapunguziwe mzigo, Aluoch ndiye aliyesimama wa kwanza.

"Karatasi tatu kwa pipa moja la maji moto!" alisema. "Mimi naomba ruhusa ya kuchemsha kanzu ya Mungu kwa mtu asiyejua hata kuoga! Toeni hizo karatasi. Toeni zote!"

Baraza zima lilicheka. Bwana wa leseni akaandika maneno yake kwenye daftari. Muia, aliyetukanwa mbele ya watu, alipiga makofi kuliko wote. Hilo lingetosha kumwonya mwanamke mwerevu kama yeye, lakini alikuwa na furaha, na furaha ilimziba masikio.

Januari ile Muia hakupiga hodi. Ijumaa ya pili ya mwezi, Aluoch akiwa anasuuza kanzu katika maji ya bluu ya kung'arisha weupe, aliona tone jeusi la masizi likitua juu ya maji. Likafuata lingine. Alizunguka ukuta na mikono yake ikichuruzika maji.

"Muia! Leo ni Ijumaa!"

"Najua. Nina kalenda."

"Sijatia sahihi karatasi yako."

Muia alimwonyesha fomu moja iliyotundikwa juu ya tanuri. Alikuwa ameijaza mwenyewe. Palipoulizwa kama moshi wake unamdhuru mtu, alikuwa ameandika hapana.

"Siku hizi sihitaji kalamu yako, mama. Si ni wewe ulisema zitolewe zote? Zimetolewa. Asante sana."

Jumapili kanzu zilikuwa na rangi ya majivu. Mildred, mkuu wa akina mama kanisani, aliishika moja kwa vidole viwili. "Aluoch, hii ndiyo tukatembee nayo barabarani na ngoma?" Siku hiyo kanisa zima lingepaswa kukaa mlangoni.

Aluoch alikwenda ofisini na kanzu moja ndani ya mfuko wa plastiki, kama ushahidi. Bwana wa leseni alimkumbuka, akamchangamkia. Alipouliza jirani analalamika wapi, aligeuziwa fomu pande zote mbili. Hapakuwa na mahali pa jirani. Mkaguzi na kadi yake walikuwa wamehamishiwa kazi nyingine. "Lakini mama, na wewe umepunguziwa," yule bwana alisema. "Pipa lako sasa halihitaji sahihi ya mtu." Alisema kweli, na hakuna kilichomuudhi Aluoch kuliko ukweli ule. Ofisi iliona mioto miwili, ikaitendea sawa. Haikuona ukuta, wala upande unakovuma upepo.

Alijaribu kufua usiku, kisha kuanika ndani ya chumba. Harufu ya oili iliwafuata waumini hadi kwenye maombi. Kufikia Pasaka kanisa lilimchagua mwanamke mwingine, wa Uthiru. Mildred alikuja mwenyewe kuzichukua kanzu, akazihesabu, akaondoka bila kuketi.

Aluoch alibaki na kanzu yake tu. Aliianika kwenye waya, ikielekea tanuri, akaiacha wiki tatu bila kuigusa. Ilipokuwa nyeusi kabisa aliivaa Jumapili, akapita katikati ya Kongo hadi kanisani. Mlangoni walimwonyesha benchi la wageni. Aliliangalia benchi, akamwangalia Mildred, akageuka. Njiani, alipofika kwa Muia, alivua kanzu na kuitupa ndani ya tanuri.

Sasa anaishi Mashimoni, Kibera, nyuma ya kioski cha maji. Anafua nguo za rangi tu.